Bibi kaambiwa na simu kwamba anastahili. Sasa aende wapi?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nina kibanda cha steshenari Tandahimba mjini: kopi, kuprinti, picha za pasipoti, kujazia watu maombi ya mtandaoni. Mwezi uliopita kijana mmoja aliniletea linki ya fomu waliyoitengeneza yeye na wenzake wa chuo. Mtu anajibu maswali ishirini na tano, mwisho fomu inamwambia kaya yake inastahili msaada gani wa serikali. Nimewajazia watu kumi na mmoja bure. Bibi mmoja, jirani yetu, ilimtolea "Unastahili TASAF". Nikamprintia, akaenda nayo kwa mtendaji wa kijiji. Alirudi kanuna, na tangu siku hiyo shikamoo yangu anaiitikia kwa tabu. Naomba kujua: fomu za namna hii zina faida, au tunawapa watu matumaini hewa? Kama zina faida, nitengenezeje yangu? Naruhusiwa kutoza? Na ninunue laptop au simu inatosha?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na bibi, maana kosa lote limo kwenye ile karatasi aliyoibeba.

TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa serikali, haiombwi kwa fomu. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini ulizinduliwa mwaka 2012, kipindi chake cha pili kikazinduliwa 2020, na mlango wa kuingilia ni mkutano wa kijiji. Wananchi wenyewe wanataja kaya zenye hali duni kuliko nyingine, kwa vigezo walivyokubaliana. Baadaye wanapita watu wa kukusanya taarifa nyumba kwa nyumba, taarifa zile zinapigiwa hesabu ya kukadiria hali ya maisha kutokana na nyumba, watu na mali, kisha orodha inarudishwa mkutanoni. Mtendaji hana daftari ambamo angeweza kumwandika bibi siku ile, hata angetaka. Kwa hiyo bibi alifika ofisini, mbele ya watu, na karatasi inayodai kitu ambacho ofisi hiyo haina uwezo wa kukitoa. Labda alijibiwa kama mtu aliyetumwa kuja kusumbua. Nani asingenuna?

Vijana wa chuo hawakukusudia kudanganya. Walichanganya milango.

Mimi stahiki za serikali nazigawa kwa milango yake, na kila ninayemfundisha kazi hii namtaka azigawe hivyo kabla hajagusa kompyuta. Upo mlango ulio wazi tayari. Mtoto wa chini ya miaka mitano, mama mjamzito, mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo: sera ya afya inasema watibiwe bila malipo katika vituo vya serikali. Shule ya msingi hakuna ada, kidato cha kwanza hadi cha nne imeondolewa tangu Januari 2016, na kidato cha tano na sita tangu 2022. Hapo hakuna anayekuchagua. Unatakiwa kujua, na kuwa na karatasi ya kuonyesha kwamba mtoto ana umri huo, au kwamba mzee ndiye huyo aliyetambuliwa na kijiji chake. Upo mlango wa kupiga hodi: mkopo wa elimu ya juu, mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri, cheti cha kuzaliwa, usajili wa mkulima kwa ajili ya pembejeo za ruzuku. Hapo usipoomba hupati, na ukiomba vibaya hupati vilevile. Halafu upo mlango unaofunguliwa na walio ndani, na TASAF ndiyo mfano wake mkubwa. Kaya inaweza kuwa na dhiki kuliko zote kijijini na bado ikakaa nje mpaka utambuzi mwingine ufanyike.

Sasa fomu ikitamka neno moja tu, "unastahili", kwa milango yote mitatu, inamtuma mtu akapige hodi pasipo na mwenyeji.

Wazo lenyewe limetoka mbali na si baya. Jiji la New York lina ACCESS NYC, tovuti inayomuuliza mtu maswali ya kaya yake na kumwonyesha programu anazoweza kupata, zaidi ya 30. Chicago kulizaliwa mRelief mwaka 2014, ambayo maswali yake mtu aliweza kuyajibu hata kwa ujumbe mfupi wa simu ya kawaida. California ombi la msaada wa chakula kwa mtandao lilikuwa linamla mtu dakika arobaini na zaidi. Watengenezaji wa GetCalFresh wakalishusha mpaka chini ya dakika kumi. Lakini angalia kinachofanya kazi kule. Sheria yao imeandika namba: kaya ya watu kadhaa yenye kipato kisichozidi kiasi fulani inapata. Kompyuta inajumlisha, inalinganisha, inajibu, na jibu lake linakaribia sana lile ambalo ofisa angelitoa.

Kwetu stahiki nyingi hazina namba ya namna hiyo. "Asiye na uwezo" ni nani? Serikali ya kijiji ndiyo inayomtambua, halmashauri ndiyo inayompa kitambulisho cha msamaha. Huwezi kumtambua kwa kumjumlishia kuku na mabati.

Mfano ulio jirani na kibanda chako naona uko India. Kuna kampuni huko inaitwa Haqdarshak. Hilo *haq* ni haki hii hii yetu, na jina zima ni kama kusema mwonyesha haki. Programu yao ya simu inashikwa na watu waliofundishwa, wengi wao wanawake wa vijijini, wanaokwenda kwa kaya, wanauliza, wanamsaidia mtu kuomba, na wanalipwa ada ndogo kwa kazi hiyo. Simu inawakumbusha nini cha kuuliza na karatasi gani zinatakiwa. Kazi ya kusikiliza ni ya mtu. Wewe na benchi lako pale mjini mnafanana zaidi na mwanamke huyo kuliko na tovuti ya New York. Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza: zina faida, fomu ikikaa mkononi mwako kama kumbukumbu yako, na bibi akae mkabala nawe akikueleza mambo yake.

Tuje kwenye maswali yenyewe, na hapa niruhusu nikae kidogo.

Fomu yangu ya kwanza niliitengenezea ofisi moja nitakayoiacha bila jina, na kosa lilikuwa langu. Swali la tatu lilikuwa "Mapato ya kaya kwa mwezi". Mzee mmoja wa Newala akanitazama akaniuliza, "Mwezi upi?" Nikadhani hajaelewa. Kumbe mimi ndiye sijaelewa. Mkulima wa korosho hana mwezi. Ana msimu. Minada ikianza Oktoba na malipo yakaingia, kwa wiki chache yeye si maskini hata kidogo. Machi mtu yule yule anakopa unga. Ukimuuliza Desemba fomu inasema hastahili kitu, ukimuuliza Machi inasema anastahili kila kitu. Nikabadilisha swali: "Msimu uliopita ulipeleka kilo ngapi ghalani?" Hilo watu wanalijua, maana karatasi ya AMCOS, chama chao cha ushirika, wanayo. Ila nalo lina mtego. Karatasi inaonyesha kilo zilizopokelewa kwa jina lake, haionyeshi zilizoondoka kwa kangomba, yaani zilizouzwa kwa walanguzi nje ya ushirika, mikorosho ingali na maua. Na usije ukamuuliza mtu kama ameuza kangomba. Ni kosa, atakataa, na hutamwona tena kibandani.

Ilinichukua muda kufika hapa: swali la mapato nililifuta kabisa. Chukua kila stahiki uliyonayo, ujiulize kama jibu la mapato litabadilisha utakachomshauri mtu. Matibabu ya mtoto yanategemea umri. Cheti cha kuzaliwa kinategemea mtoto. TASAF ina dodoso lake na hesabu zake, haitazami zako. Bodi ya Mikopo ina fomu yake yenye maswali yake. Basi wewe unamfanya mzee ataje umaskini wake mbele ya mteja anayesubiri kopi kwa faida ya nani? Swali ambalo jibu lake halibadilishi ushauri lifute. Ukifanya hivyo kwa uaminifu, maswali ishirini na tano yatashuka mpaka nane hivi.

La kwanza, na lililo gumu kuliko yote, ni nani yumo kwenye kaya. Vijana wa chuo wameandika "Idadi ya wanakaya", nina hakika. Kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera ukoo unahesabiwa upande wa mama, mtoto anaweza kulelewa kwa bibi au kwa mjomba mwaka mzima, mama yuko Dar es Salaam anauza mitumba, baba ana nyumba nyingine Nanyamba. Bibi akiulizwa idadi ya wanakaya atakutajia watoto wake wote, pamoja na aliyeondoka miaka sita iliyopita, kwa sababu kwake kumtoa kwenye hesabu ni kama kumkana. Muulize hivi: "Jana usiku nani walilala hapa? Nani wanakula chungu kimoja nanyi siku nyingi?" Kisha umri wa kila mmoja. Asipojua umri, uliza darasa la mtoto, au kadi ya kliniki. Umri ukipatikana, mlango ulio wazi unaonekana wenyewe.

Ujauzito usiuulize kwa sauti. Geuza simu, mwonyeshe maandishi, au subiri benchi libaki tupu. Na ulemavu usiuulize kwa jina hilo. "Kuna mlemavu nyumbani?" utajibiwa hapana, hata kama ndani kuna mtoto asiyeinuka. Uliza shughuli: yupo anayepata shida kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia, kueleweka anapoongea? Maswali sita ya mtindo huo yanatumika kwenye tafiti za nchi nyingi, na nimeyaona yakifungua midomo iliyokuwa imefungwa.

Swali lenye thamani kuliko yote, ambalo fomu nyingi hazina, ni la karatasi: nani ana cheti cha kuzaliwa, nani ana namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, na jina limeandikwaje kwenye kila moja. Usiridhike na "tunavyo". Mwambie avilete. Nimekutana na binti ambaye kliniki ni Fatuma, shuleni Fatma, NIDA Fatima. Kwa mama yake ni yule yule Fatu. Kwa kompyuta ni watu watatu, na hakuna hata mmoja atakayepata mkopo. Hilo ukiligundua mapema umemfanyia kazi kubwa kuliko kumtajia misaada kumi.

Kwa vyeti, mikoa yetu ilipata bahati. Mpango wa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi, wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano ulifika Lindi na Mtwara mwaka 2017: usajili unafanyika kwenye vituo vya tiba na ofisi za kata, taarifa zinatumwa kwa simu, cheti ni bure. Wadogo wengi wakafaidika. Lakini fanya hesabu. Waliokuwa wameshavuka miaka mitano wakati ule sasa wako sekondari au wamemaliza, na kwao njia ni ile ndefu ya kuomba kwa RITA. Mtoto wa kidato cha tano akija kutoa kopi ya daftari, muulize cheti. Usisubiri aje Agosti analia.

Nasema Agosti kwa sababu maombi ya mkopo wa elimu ya juu hufunguliwa katikati ya mwaka na siku zake huisha haraka. Unayajua kuliko mimi, maana wanaokuja kujaza wanakujia wewe: cheti kihakikiwe na RITA, fomu iprintiwe, isainiwe na serikali ya mtaa au kijiji na mwanasheria au hakimu, iskaniwe, irudishwe kwenye mfumo. Ninachotaka ukizingatie ni uzi mmoja tu. Mwombaji anayetoka kaya iliyo TASAF anatakiwa aonyeshe hilo, na linazingatiwa. Kwa hiyo swali "Mko TASAF?" libaki kwenye fomu yako, ingawa wewe huwezi kumwingiza mtu TASAF. Kaya iliyomo tayari, uliza namba yake iliko, iandikwe mahali ambapo mtoto ataiona siku ya kuomba mkopo. Hapo ndipo mlango mmoja unapofungua mwingine, na sijaona fomu ya vijana ikilifikiria.

Mikopo ya halmashauri sitaisemea sana. Asilimia 10 ya mapato ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, haina riba, maombi siku hizi yanapita kwenye mfumo wa mtandao. Kazi yako ni kuuliza kama mtu yumo kwenye kikundi kilichosajiliwa, na kama hayumo umtume kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Ila mkumbushe kila mtu kwamba huo ni mkopo. Wapo wanaousikia kwenye orodha moja na ruzuku wakadhani ni wa kula.

Kuna jambo moja la huku pwani linalosumbua fomu za watu wasioijua pwani. Wazee wa Mikindani na Kilwa wana ndugu Unguja, na ndugu hao wakija msibani wanasimulia pensheni ya wazee. Ni kweli ipo: Zanzibar ilianza 2016 kumlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi, mwanzoni shilingi 20,000 kwa mwezi. Lakini ni ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Bara hatuna pensheni ya namna hiyo kwa kila mzee. Nimeona orodha iliyokusanywa kutoka mtandaoni ikiwa na pensheni hiyo ndani yake, imeandikwa "Tanzania". Fikiria mzee wa Mchinga anayeambiwa na simu kwamba ana pensheni asiyoichukua!

Ndiyo maana nakuambia: usiweke kwenye fomu stahiki ambayo hujui ofisi yake, jina la cheo cha mtu wa kuonana naye, na karatasi anazozitaka. Nenda mwenyewe. Siku moja tembea kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, kituo cha afya, ofisi ya kata, AMCOS. Uliza, "Mtu akija kwenu kwa jambo hili, mnamwomba nini?" Andika majibu yao kwa maneno yao. Hayo ndiyo yatakuwa maandishi ya mwisho wa fomu yako, badala ya "unastahili". Mlango ulio wazi uandikiwe: "Hii ni yako tayari, nenda dirisha fulani na karatasi hii." Mlango wa hodi: "Hii inaombwa, peleka hizi, kwa fulani, kabla ya mwezi fulani." Mlango wa tatu: "Hii inapangwa na mkutano wa kijiji. Muulize mwenyekiti utambuzi mwingine ni lini, na siku hiyo uwepo." Mtu akisoma sentensi ya tatu hatabeba karatasi kwenda kumgombeza mtendaji.

Na usiahidi zaidi ya kilichopo. Matibabu bila malipo hayajazi rafu za dawa. Mama anaweza kumwona daktari bure akaambiwa dawa anunue nje. Mwambie mapema, kwa upole, ili asidhani ulimdanganya.

Yale uliyoyakusanya yatachakaa. Nikupe mfano wa bima. Kwa miaka kadhaa tulikuwa tunawaambia watu CHF iliyoboreshwa, mfuko wa afya ya jamii, ni shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka, basi. Mwaka 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, na tangu hapo anayeshauri watu kuhusu bima lazima aulize upya kila anapotaka kujibu. Fomu haiulizi upya. Itaendelea kurudia ilichoambiwa siku ilipotengenezwa. Hata serikali ya Marekani, yenye fedha zote zile, tovuti yake ya Benefits.gov iliyoanza 2002 iliifunga 2024 na kazi hiyo ikahamishiwa kwenye tovuti kuu ya serikali. Kwa hiyo kila stahiki iandikie tarehe uliyoihakiki mara ya mwisho. Ikipita miezi mitatu, piga simu ofisini au pita ukienda sokoni. Huna muda? Punguza stahiki. Sita zilizo hai zinafaa kuliko thelathini zilizooza.

Kuhusu chombo cha kutengenezea: anza na karatasi. Kweli kabisa. Chora maswali yako manane kwenye A4, wajazie majirani ishirini kwa kalamu, ufute kila swali lililomfanya mtu akunje uso. Yakishatulia ndipo uyaweke kwenye simu. Fomu za Google ni rahisi ila zinataka mtandao. KoboToolbox inajaza hata mtandao ukikatika na kutuma baadaye, na ina uwezo wa kuruka maswali: kaya isiyo na mtoto mdogo haiulizwi ya kliniki. Na jina la fomu lichague vizuri. Wengine wanaita fomu ya kuchuja. Huku neno hilo lina kidonda. Mtu "aliyechujwa" TASAF ni yule jina lake lilikatwa kwenye orodha. Ukimwambia bibi njoo tukuchuje, atakimbia. Mimi huiita fomu ya kutafuta haki za kaya.

Sasa nikuulize nawe swali. Majibu ya wale watu kumi na mmoja yako wapi? Fomu ni ya vijana wale, kwa hiyo majina, umri, namba za NIDA na siri za nyumba za watu zimeenda kwenye akaunti ya mtu usiyemjua vizuri. Hilo linanisumbua kuliko suala la TASAF. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu ajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, aseme anazikusanyia nini, na asizitumie kwa jambo jingine. Watafute, waombe wazifute, na wakuonyeshe zimefutwa. Kwenye fomu yako usihifadhi kitu: hakuna sababu ya kuandika namba ya NIDA, inatosha kuuliza kama anayo. Mtu akimaliza, mpe karatasi yake, kwenye simu futa. Na karatasi zilizoharibika pale kwenye printa zichome. Nimewahi kununua karanga kituo cha mabasi Masasi zikiwa zimefungwa kwenye fomu ya mtu, namba ya kitambulisho na saini vinasomeka vizuri.

Kutoza: toza karatasi, usitoze haki. Kopi ni kopi, kuskani ni kuskani, bei ibandike ukutani iwe ile ile kwa kila mtu. Kukaa na mtu na kumuuliza maswali manane ni robo saa ya muda wako, na ukitaka kuilipisha ada ndogo inayojulikana sioni dhambi, mradi asiye nayo asirudishwe. Lakini siku utakayopokea hata shilingi mia tano "nikusaidie jina liingie", utakuwa umehamia upande wa matapeli, na TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, hawatajali kwamba ulianza kwa nia njema. Wapo wanaopita vijijini kila utambuzi ukikaribia, wanaandika majina na kuchangisha. Ukiwa na fomu ya simu mkononi utafanana nao kwa mbali. Ndiyo maana nakushauri ujitambulishe kwa mwenyekiti na mtendaji kabla hujaanza, uwaonyeshe maandishi yako ya mlango wa tatu. Mtendaji akiona umeandika kwamba TASAF inapangwa na mkutano na si ofisini kwake, umempunguzia kelele; atakuletea watu yeye mwenyewe.

Kila mwisho wa mwezi usihesabu waliojaza. Hesabu waliopata. Weka daftari la mistari mitatu tu, bila majina: wangapi nimewaelekeza, wangapi walikwenda, wangapi walirudi na kitu mkononi. Wengi wakikwama mahali pamoja, tatizo liko pale, kalitazame.

Bibi sasa. Usimwite kibandani, mfuate nyumbani jioni, bila simu mkononi. Muombe radhi kwa ile karatasi, mwambie ilikosea na wewe ulikosea kumpa. Kisha muulize ya jana usiku nani walilala hapo. Kama anakula chungu kimoja na mjukuu wa chini ya miaka mitano, kuna cheti cha bure cha kufuatilia kwenye kituo cha afya, na kuna matibabu ya mtoto huyo. Yeye mwenyewe kama amefika miaka 60, kuna utambulisho wa mzee asiye na uwezo unaoanzia kwa serikali ya kijiji, na safari hii atakwenda kwa mtendaji kuomba kitu ambacho mtendaji anaweza kukianzisha. Nenda naye. Na kama aliwahi kuwa TASAF akatolewa bila kuelewa kwa nini, kuna utaratibu wa malalamiko unaoanzia kwenye kamati ya jamii pale kijijini na kupanda mpaka halmashauri. Msaidie kuandika barua fupi, abaki na nakala.

Laptop usinunue bado. Simu yako inatosha kwa maswali manane. Hela hiyo nunua wino wa printa, na benchi la pili lenye egemeo ulisogeze mbali na foleni ya kopi, mtu akae na karatasi zake bila kusikilizwa.